Mwongozo Kamili wa Kupanga Mbizi Tulivu ya Kufuata Mkondo Kwenye Mwamba wa Kisiwa cha Maji Baridi

Wazamiaji wengi wanaojaribu mbizi ya kufuata mkondo, yaani kuzamia huku maji yakikubeba, hurudi botini wamechoka, hewa imepungua mapema, na mwamba waliokwenda kuutazama wameupita huku wakihangaika na kamba. Kosa lao huwa ni lile lile: wanachagua mahali pa kuzamia kwanza, kisha saa, njia na mahali pa kutokea wanaviachia bahati. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake, kwa kuanza na mahali utakapotokea na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi mahali utakapoingia majini.

Umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana cheti cha kuzamia, anayemudu kuelea katikati ya maji bila kupanda wala kushuka, na anayekwenda na mwenzi mmoja kwenye boti yenye nahodha. Bahari inayozungumzwa ni ile ya ukanda wa wastani, ambako maji kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 8 hadi 18 za Selsiasi na miamba hufunikwa na mwani badala ya matumbawe ya maji ya moto.

## Vifaa vinavyohitajika

Kwa kupangia, tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na kisiwa, ramani ya bahari inayoonyesha vina na mikondo, utabiri wa upepo na mawimbi, penseli na rula. Simu inaweza kukupa vyote hivi, lakini njia iliyochorwa kwenye karatasi ndiyo nahodha na mwenzi wako wanayoweza kuinamia pamoja nawe.

Kila mzamiaji awe na:

- Suti ya milimita 7 pamoja na kofia, glovu na viatu, au suti kavu, ile isiyoingiza maji, ikiwa maji ni ya baridi zaidi.
- Mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha kanieneo), na regyuleta, kifaa cha kupumulia, iliyopimwa kwa maji baridi ikiwa joto litakuwa chini ya nyuzi 10. Regyuleta isiyofaa baridi inaweza kuganda kwa ndani na kumwaga hewa bila kukoma.
- Boya la ishara la rangi nyekundu au ya chungwa, lenye urefu wa mita 1.2 au zaidi, na rili, kigurudumu cha kuzungushia kamba, yenye kamba ya mita 30.
- Kompyuta ya kuzamia, dira, filimbi, tochi, na kisu kifupi au mkasi wa kukatia kamba.

Boti iwe na redio ya VHF ya mawasiliano ya baharini, kifaa cha GPS, oksijeni ya huduma ya kwanza, ngazi imara, na bendera ya herufi A, ile ya nyeupe na buluu inayoviambia vyombo vingine kwamba kuna mzamiaji majini. Kamera iache nyumbani mara ya kwanza, kwa sababu utaihitaji mikono yote miwili.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuutazama mwezi

Mikondo ya kisiwani mara nyingi husukumwa na maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mengi hupita mahali pale pale kwa muda ule ule, na katika sehemu nyingi kasi ya mkondo hukaribia kuwa maradufu ya ile ya maji mafu. Kwa mbizi tulivu, tafuta maji mafu, yaani siku zinazofuata mwezi nusu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Kisha tazama upepo. Upepo unaovuma kinyume cha mkondo husimamisha mawimbi mafupi yenye kuta kali, na ndani yake nahodha hawezi kuliona boya wala wewe kuishika ngazi. Siku yenye mkondo mzuri na upepo wa namna hiyo si siku ya kuzamia.

Onyo: si kila bahari inafuata mwezi. Katika sehemu kubwa ya Mediterania maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo sana, na mkondo hutokana zaidi na upepo na mzunguko wa bahari yenyewe, kwa hiyo jedwali halitakusaidia. Kwenye pwani ya Pasifiki ya Marekani, maji hujaa mara mbili kwa siku kwa vimo visivyolingana, na hivyo kupwa kumoja kunaweza kuwa na mkondo mkali kuliko kwingine kwa siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 2: Tafuta saa ambayo mkondo husimama

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanasoma kwenye jedwali kwamba maji yatajaa saa 4:10 asubuhi, wanaamini kwamba mkondo utasimama saa hiyo hiyo, wanaruka, na wanajikuta wakipeperushwa kama bendera.

Jedwali la bandari linaeleza kimo cha maji. Halielezi mwendo wake. Kuzunguka kisiwa, mkondo unaweza kusimama mapema au baadaye kwa saa nzima au zaidi, na katika baadhi ya milango ya bahari mkondo huwa mkali kabisa wakati kimo kiko juu kabisa. Kwa hiyo tumia ramani au atlasi ya mikondo ya eneo hilo, na muulize nahodha mwenyeji swali lililo wazi: "Hapa penyewe, mkondo husimama dakika ngapi kabla au baada ya maji kujaa bandarini?" Jibu liandike.

Ukishaijua saa hiyo, kadiria kasi kwa kanuni rahisi inayofaa mahali ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mkondo ukiwa umesimama, saa moja baadaye hufikia nusu ya kasi yake ya juu, saa mbili baadaye asilimia 90, na saa ya tatu hufika kileleni, kisha hushuka kwa mpangilio huo huo. Ikiwa kasi ya juu ya siku hiyo ni noti 2 (noti ni kipimo cha kasi baharini), saa moja kabla ya kusimama itakuwa kama noti 1, na nusu saa kabla itakuwa kama nusu noti.

Kasi unayoitaka ni kati ya nusu noti na noti 1. Noti 1 ni mita 1,852 kwa saa, yaani mita 31 kwa dakika, na mtu aliyevaa mtungi hawezi kuogelea kinyume chake kwa muda mrefu bila kujichosha.

Mimi huchagua saa ya mwisho kabla ya mkondo kusimama, wala si ya kwanza baada yake. Ukichelewa kuvaa, au kamba ikikwama, au mwenzi akisahau mapezi ya miguuni, utayakuta maji yametulia zaidi, ilhali aliyepanga kuzamia baada ya mkondo kusimama kila dakika anayoipoteza humwongezea kasi. Tena mwisho wa mbizi, unapokuwa na baridi na hewa kidogo, bahari inakuwa katika utulivu wake.

Hatua hii imekamilika ukiwa na sentensi moja ya namna hii: "Mkondo unasimama saa 5:00, tunaingia saa 4:10, kasi ya wastani ni nusu noti kuelekea kaskazini-mashariki."

## Hatua ya 3: Chora njia kuanzia mwisho

Weka penseli mahali ambapo boti itaweza kukuokota: maji yaliyo wazi, yasiyo na njia ya meli, yaliyo mbali na mawe yanayochomoza, na yenye nafasi ya kutosha upande wa chini wa mkondo hata ukichelewa dakika 15. Hapo ndipo mbizi yako inapoishia.

Sasa rudi nyuma kinyume cha mkondo. Kwa nusu noti unasafiri mita 15 kwa dakika, hivyo mbizi ya dakika 36 itakupeleka mita 550 hivi. Pima umbali huo kwenye ramani ukifuata ukingo wa mwamba, na utakapofika ndipo pa kuingilia. Ikiwa mwamba ni mfupi kuliko mita 550, fupisha mbizi. Usijidanganye kwamba utakaa mahali pamoja.

Chunguza umbo la kisiwa. Maji yanapokigonga hugawanyika, hupita kwa kasi zaidi kwenye rasi, kisha nyuma ya kisiwa hujizungusha na hata kurudi yalikotoka. Njia tulivu hupita kwenye ubavu mnyoofu, kati ya mahali maji yanapogawanyika na rasi yenyewe. Ukivuka rasi unaweza kuingia kwenye mzunguko utakaokutenga na mwenzi wako, mmoja akienda mbele na mwingine akirudishwa nyuma.

Onyo: epuka mahali ambapo mkondo unamwagika kutoka juu ya mwamba wa kina kifupi kuingia kilindini. Maji hayo hushuka na wewe. Ukiona mapovu yako yanakwenda kando au chini badala ya kupanda, ondoka ukutani kwa kuogelea kando ya mkondo, au shikilia mawe na kupanda nayo taratibu, na ukitia hewa kwenye koti la kuelea uwe tayari kuitoa mara mkondo utakapokuachia.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya hewa

Kwa mfano huu kina ni mita 15. Mtu anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika juu ya maji atatumia lita 50 kwa dakika kwenye kina hicho, kwa sababu kanieneo huko ni bari 2.5.

Anza na akiba. Chukulia kwamba hewa ya mwenzi wako imekatika mkiwa chini, na nyote wawili mnahema kwa hofu, lita 60 kwa dakika kwa jumla. Dakika moja ya kupangana itatumia lita 150, dakika mbili za kupanda lita 210, na dakika tatu za kusimama kwenye mita 5 lita 270. Jumla ni lita 630, ambazo kwenye mtungi wa lita 12 ni bari 53. Mimi hupandisha hadi 60 na kuongeza 10 kwa ajili ya kazi ya boya: geji, yaani kipimo cha hewa ya mtungini, ikisoma 70, mbizi ya chini imekwisha.

Zinabaki bari 130, yaani lita 1,560, zinazotosha dakika 31 kwa lita 50 kila dakika. Ukijumlisha dakika 5 za kupanda na kusimama, ndizo dakika 36 za hatua ya 3. Lakini baridi huongeza upumuaji. Ukitumia lita 25 juu ya maji badala ya 20, dakika 31 za chini hushuka hadi 25, na njia uliyoichora ifupishwe vivyo hivyo. Hesabu ifanywe kwa yule anayetumia hewa nyingi zaidi kati yenu, bila kumwonea haya.

## Hatua ya 5: Kubaliana na nahodha

Nahodha anahitaji kujua mambo manne: mtaingia wapi, mtaelekea upande gani, mtapanda saa ngapi, na afanye nini muda huo ukipita. Mwambie dakika kamili. "Tukifika dakika 45 bila boya kuonekana, anza kutafuta kwa kufuata mkondo; zikifika dakika 55, ita msaada kwenye chaneli 16 ya redio, ile ya dharura."

Amueni pia kama boya litavutwa tangu mwanzo au litarushwa mwishoni. Kwenye mwamba ulio wazi, kuvuta boya muda wote ndiko bora, kwa kuwa boti inakufuata kwa macho. Penye mwani mrefu unaofika juu ya maji, kama ule wa Macrocystis wa visiwa vya California, kamba itanasa kila baada ya hatua chache, basi boya lirushwe mwishoni na nahodha afuate saa na mwelekeo.

## Hatua ya 6: Pima mkondo kabla ya kuvaa mtungi

Ramani imekadiria, sasa bahari yenyewe iseme. Tafuta kitu kilichofungwa chini, kama boya la mtego wa wavuvi, na utazame maji yanavyolipita. Kipande cha mwani kikisafiri mita 10 kwa sekunde 40, mkondo ni nusu noti. Kikitumia sekunde 20, ni noti 1. Kikitumia 10, kaeni mnywe kitu cha moto na msubiri.

Usipime kwa kuiachia boti ielee. Boti husukumwa na upepo, na mzamiaji aliye chini hasukumwi. Wengi wamesoma kasi ya upepo wakidhani ni ya mkondo. Kumbuka pia kwamba maji ya karibu na sakafu kwa kawaida hutembea polepole kuliko ya juu, kwa kuwa mwamba huyakwaza.

Dalili ya kufaulu ni kwamba mwelekeo unalingana na ulioandikwa na kasi haizidi noti 1. Kimojawapo kikikataa, rudi hatua ya 2, hata kama nusu ya watu wameshavaa suti.

## Hatua ya 7: Ingia na ushuke pamoja

Boti ipeleke watu mita 30 hadi 50 kabla ya mahali pa kuanzia, upande mkondo unakotoka, kwa sababu utasafirishwa tangu unapogusa maji. Ukaguzi wa vifaa umalizike botini. Nahodha aitoe injini kwenye gia, atoe ishara, na wenzi waingie kwa kufuatana papo hapo. Ikiwa boti inajishikilia mahali pake penye noti 1, kuchelewa dakika moja kunawatenganisha mita 31, na maji haya mara nyingi hayaonyeshi mbali hivyo.

Shukeni mkitazamana. Risasi za kiunoni, yaani vipande vya madini vinavyokusaidia kuzama, ziwe zimepimwa mapema: mtungi wa lita 12 uliojaa una karibu kilo 3 za hewa, na kadiri unavyoitumia unakuwa mwepesi, kwa hiyo uzito wa risasi uwe ule unaokuwezesha kusimama kwenye mita 5 ukiwa na bari 50.

Mkipotezana, tazameni pande zote kwa dakika moja, kisha kila mmoja apande na boya lake. Msitafutane chini kwa zaidi ya hapo.

## Hatua ya 8: Acha maji yakubebe

Ukifika chini, tulia na utazame mwani kabla ya jambo lolote. Majani marefu ya kahawia ni kipimo kizuri kuliko vyote: yakisimama na kuyumba taratibu, mkondo ni dhaifu, yakiinama nusu na ncha zake zikielekea upande mmoja, ndio mkondo ulioupanga, yakilala bapa juu ya jiwe na kutetemeka, umezidi. Samaki nao watakuwa wamegeuza vichwa kinyume cha mkondo, wote kwa pamoja, wakisubiri chakula kiwafikie.

Kaa mita moja au mbili juu ya mwamba, mwili ukiwa mlalo, mapezi yakitumika kuelekeza na si kusukuma. Ukitaka kukitazama kitu, ingia nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo maji yamekingwa. Pale utaona jambo linalowafanya watu warudi kwenye mbizi hizi: upande mmoja wa jiwe, ule unaopigwa na maji, umejaa wanyama wadogo walioifungua mikono yao kunasa chakula, na upande wa pili, kwa umbali wa kiganja, karibu wote wamefumba.

Mwani ukikunasa, usijizungushe, kwa maana kila mzunguko unaongeza kitanzi. Simama, peleka mkono nyuma, shika bua na ulikunje kwa ghafla hadi livunjike, au mwache mwenzi akufungue. Angalieni geji kila dakika tano na kuonyeshana kwa vidole.

Mbizi inakwenda sawa ikiwa pumzi zako zinafanana na za mtu aliyeketi. Ukijikuta unahema, umeanza kushindana na maji. Na pumzi zikikatika pamoja na kikohozi au povu mdomoni, maliza mbizi, toka majini na upewe oksijeni, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya maji ya mwili kujaa mapafuni kutokana na baridi na kazi nzito.

## Hatua ya 9: Rusha boya na upande

Geji ya yeyote kati yenu ikisoma bari 70, nyote mnaanza kupanda. Pandeni polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, hadi mita 8 hivi, na hapo mrushe boya mkiwa mmejitenga na mwamba.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi na glovu nene, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, sikuihisi rili mkononi, na kamba ilijikunja kwenye kidole gumba wakati boya tayari linapaa. Niliinuliwa mita mbili kabla ya kuiachia. Tangu siku ile hufanya zoezi la rili kwenye bwawa nikiwa na glovu zile zile, nikiwa nimefumba macho.

Mpangilio ni huu: mwenzi anakushika mkanda wa koti la kuelea, unakunjua boya, unahakikisha kamba haijagusa kifaa chochote, unatia hewa kidogo huku rili ukiishika mbali na mwili, unaliachia. Usiifunge rili kwenye koti lako wakati boya linapaa. Ikikwama, iache iende zake.

Kisha kaza kamba taratibu, kwani boya lililolegea hulala na halionekani. Simameni kwenye mita 5 kwa dakika 3. Dalili njema ni kamba iliyonyooka juu yako na mlio wa injini unaosogea karibu kisha kunyamaza.

## Hatua ya 10: Subiri kuokotwa

Juu ya maji, jaza koti la kuelea, acha regyuleta mdomoni na mpe nahodha ishara ya usalama. Kaeni kwenye boya. Usiogelee kuifuata boti, kwa kuwa yenyewe inakuja na inahitaji kujua mko wapi. Usiisogelee ngazi mpaka injini itoke kwenye gia na nahodha akuite kwa jina. Mmoja anapanda, mwingine anasubiri pembeni, kamwe si chini ya ngazi, kwa sababu mtungi wa aliyetangulia unaweza kukuangukia.

Vaa kitu cha kukinga upepo mara moja, kisha, kabla ya kunywa chochote, andika mambo matano: saa mliyoingia, saa mliyotoka, mahali pa GPS mlipoanza na mlipotokea, na saa ambayo mwani ulisimama wima. Gawanya umbali kwa dakika, ulinganishe na mita 15 ulizozitabiri, na tofauti utakayoipata uiandike kwenye ukingo wa ramani ile ile, pale ulipoweka penseli mara ya kwanza.